Kumtia Besi Mkubwa Bwawani

Katika kijitabu hiki, kinachofuata mazungumzo yake katika redio, nataka kueleza habari ya swali moja nililoulizwa na mjomba wangu, mkulima wa Vihingo katika nchi ya Kisarawe. Swali ni lake, lakini si lake peke yake. Nimelisikia Mzenga, nimelisikia Mlandizi, na hata katika chuo chetu cha walimu mwanafunzi mmoja aliliandika ubaoni kabla sijaingia darasani: Je, yafaa kumtia bwawani samaki mkubwa anayekula samaki wenzake?

Mjomba ana bwawa moja. Alilichimba kwa jembe, yeye na wanawe, katika bonde lililo chini ya mikorosho yake, mahali penye udongo wa mfinyanzi. Maana pande zile mchanga ni mwingi, na mwenye kuchimba mchangani hupata shimo, hapati bwawa. Urefu wake ni meta 20, upana meta 15, na kina chake penye bomba la kutolea maji hufika kifuani pa mtu mzima. Humo alitia perege. Baada ya miezi minane alikokota wavu, akatoa samaki kwa mamia, lakini hapakuwa na hata mmoja wa kumshibisha mtoto. Wote walikuwa wa urefu wa kidole. Majirani walicheka, naye akawagawia kuku.

Nilipofika kumwamkia, baada ya shikamoo na marahaba, aliniketisha jamvini akasema, "Mpwa wangu, wewe umesoma. Dereva mmoja wa lori ameniambia kwamba huko Naivasha, kwa Wakenya, yuko samaki mwenye kinywa kama mlango. Huwala wenziwe wadogo akanenepa, na nyama yake ni tamu. Nitafutie huyo. Lakini usiniletee vifaranga. Mimi sina umri wa kungoja. Niletee wakubwa waliokwisha komaa, hata kumi, niwatie leo, na kesho waanze kazi."

Nilimwomba anipe muda. Haya ndiyo niliyomjibu, ingawa hapa nimeyapanga vizuri zaidi kuliko nilivyoyasema jamvini.

Samaki yule wa Naivasha huitwa besi, na asili yake ni mito na maziwa ya upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini. Rangi yake ni ya kijani kibichi, tumbo jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uliokatika-katika tangu kichwani hata mkiani. Taya lake la juu hupita nyuma ya jicho, nayo ndiyo alama ya kumtambua. Hamfukuzi mnyama wake mbali kama afanyavyo mbwa. Hujificha penye majani ya majini au chini ya gogo, akakaa kimya kama paka penye tundu la panya, na samaki mdogo apitapo hukifunua kinywa ghafula, maji yakaingia pamoja na samaki, akammeza mzima. Huweza kuwa mkubwa sana. Mwaka 1932, katika jimbo la Georgia huko Marekani, alivuliwa mmoja mwenye uzito wa kilo 10 na zaidi kidogo, na mwaka 2009 alivuliwa mwingine karibu sawa naye katika ziwa Biwa la Japani, ambako pia ni mgeni aliyeletwa na watu. Lakini hao ni majitu ya jamii yao. Besi wa kilo moja au mbili ndiye wa kawaida.

Jambo moja katika tabia yake lanipendeza. Dume ndiye mlezi. Husafisha mahali penye maji machache kwa mkia wake, akafanya kitu kama sahani chini, jike akataga humo na kwenda zake. Dume hubaki kulinda mayai na watoto kwa siku nyingi, akimfukuza kila anayekaribia. Kisha siku ya ulinzi ikiisha, watoto wakichelewa kutawanyika, huweza kuwala.

Basi alifikaje Naivasha? Ziwa lile liko juu sana, karibu meta 1,890 juu ya usawa wa bahari, na zamani halikuwa na samaki wa kuvuliwa. Lilikuwa na aina moja tu ya kisamaki kidogo mno, ambacho hakikupatikana mahali pengine. Mwaka 1925 waliletwa perege, na mwaka 1929 akaletwa besi, ili mabwana waliopenda kuvua kwa mshipi wapate mchezo wao. Perege walizaa, besi wakala, watu wakavua, na mwaka 1959 uvuvi wa biashara kwa nyavu ukaanza. Katika hayo yote mtu angeweza kusema, "Mbona ni heri tupu?" Lakini kile kisamaki cha asili kilionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na wataalamu wengi humlaumu besi kwa kutoweka kwake. Kilikuwa cha ukubwa wa tonge kwake, nacho hakikuwahi kujifunza kumwogopa.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 1970 walitiwa kamba wekundu wa maji matamu, nao pia asili yao Marekani. Besi aliwapenda sana, akawafanya kuwa chakula chake kikubwa. Lakini kamba wale walikata majani ya majini, na yungiyungi za buluu zilizokuwa zikipamba kingo za ziwa zikapungua hata kutoweka mahali pengi. Majani yalipokwisha, na maficho ya samaki yalikwisha. Tena, karibu na mwaka 2001, akaonekana samaki mwingine mgeni aitwaye karpu, anayechimbua matope kama nguruwe achimbuavyo muhogo, na baada ya miaka michache yeye ndiye aliyekuwa akijaza nyavu za wavuvi. Yaani kila aliyeingia alibadili nyumba kwa ajili ya aliyefuata.

Mjomba alinikatiza. "Hilo ni ziwa, mwalimu. Mimi nina bwawa, na bwawa langu lina mlango."

Ni kweli. Kwa hiyo na tulitazame bwawa.

Kwanza yatupasa kujua sababu ya perege kudumaa, maana besi ni dawa tu, na dawa haitolewi kabla ya kuujua ugonjwa. Jike la perege hutaga mayai chini, dume akayatia mbegu, kisha jike huyaokota kwa kinywa na kuyaatamia humo humo hata yaanguliwe. Watoto wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Kwa ulinzi huo watoto wengi sana huokoka. Katika maji ya joto kama yetu perege aweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na akaendelea kuzaa mara nyingi katika mwaka. Sasa fikiri mama wa nyumba mwenye sufuria moja ya ugali. Leo ana watoto watatu, mwezi ujao kumi, mwezi wa tatu mia, na sufuria ni ile ile. Hakuna atakayekufa, lakini hakuna atakayekua. Ndiyo hali ya bwawa la mjomba. Wala si ugonjwa mpya: tangu serikali ya Tanganyika ilipoanza majaribio ya kufuga perege mabwawani mwaka 1949, huko Korogwe na Malya, wafugaji wengi wamekutana na wingi huo wa vidagaa.

Kwa hiyo fikira ya mjomba si ya kijinga hata kidogo. Akiwapo bwawani samaki wa kuwala watoto, waliosalia watapata chakula cha kutosha na kukua. Wamarekani wameifanya kazi hiyo kwa besi kwa muda mrefu. Huko Auburn, katika jimbo la Alabama, mabwana Swingle na Smith walianza katika miaka ya 1930 kuyachunguza mabwawa ya wakulima. Waliona kwamba bwawa lenye samaki wadogo peke yao hujaa vidagaa, na lenye besi wengi mno hubaki na besi wakondefu wenye njaa. Kanuni iliyojulikana sana kutoka kwao ni hii: katika eka moja ya maji iliyotiwa mbolea, tia samaki 1,000 wa kuliwa, kisha besi 100.

Wanafunzi, shikeni kalamu. Eka moja ni meta za mraba 4,047. Bwawa la mjomba ni 20 mara 15, yaani meta za mraba 300. Ukigawanya utaona kwamba halifiki hata sehemu moja ya kumi ya eka. Ni kama sehemu 7 na nusu katika 100. Basi besi 100 wa kanuni ile huwa 7 tu kwa bwawa la mjomba. Nao ni vifaranga, urefu wa kidole, si besi wakubwa! Wamarekani hutanguliza samaki wa kuliwa, wakawaacha wakue na kuzaa, ndipo huwatia besi wadogo, ili mla na mliwa wakue pamoja, na kinywa cha besi kisipite kipimo cha chakula kilichopo.

Mjomba alitaka kumi, tena wa kilo moja moja. Hapo nilimwomba mjukuu wake alete kibao cha shule tupige hesabu ya chakula. Wafugaji wa besi husema kwamba, kwa kukadiria, besi hula kilo 10 za samaki ili aongeze kilo 1 ya mwili wake. Tuseme kila mmoja wa wale kumi aongeze nusu kilo tu katika mwaka. Jumla ni kilo 5. Ili kuzipata, watakula kilo 50 za perege. Na bwawa la ukubwa ule, likitiwa samadi na kutunzwa sana, likitoa kilo 60 kwa mwaka mwenyewe ashukuru. Mjomba alikitazama kile kibao kwa muda mrefu. "Kwa hiyo," akasema, "nitakuwa nimewalisha wageni mavuno yangu yote, nami nile makombo."

Naam. Na lingine ni kipimo cha kinywa. Besi mwenye urefu wa sentimeta 40 humeza bila shida perege aliyefika theluthi ya urefu wake, yaani sentimeta 13 hivi. Perege wote wa mjomba walikuwa wa kidole. Hakuna hata mmoja ambaye angepita kipimo hicho. Besi mkubwa akiingia katika bwawa la namna hiyo hapunguzi watoto ili wazazi wakue; wazazi na watoto kwake ni tonge moja. Atanenepa kwa miezi michache, kisha vidagaa vitakapokwisha, atakonda, na wakubwa kati yao watawageukia wadogo wao.

Liko jambo la tatu ambalo watu hawalifikiri, nami naliona kubwa kuliko yote katika mabwawa yetu. Besi huwinda kwa macho. Maji ya Naivasha yalipokuwa safi, na majani yamesimama, aliona vizuri. Lakini sisi tunafundishwa, na twafundishwa vema, kwamba bwawa la perege lazima liwe la kijani. Twatia samadi ya kuku au ya mbuzi katika kizizi kidogo cha miti pembeni, maji yakaota vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, na hivyo ndivyo chakula cha perege. Twapima kwa mkono: utie mkono majini umesimama wima, na kiganja kikitoweka machoni pako maji yafikapo kwenye kiwiko, rangi inatosha. Sasa mtafute paka atakayekamata panya katika nyumba yenye ukungu wa namna hiyo! Ukisafisha maji ili besi aone, perege watakosa chakula. Ukiyaacha ya kijani ili perege wale, besi atapapasa. Bwawa haliwezi kuwatii mabwana wawili hao.

Sasa nije kwenye safari, maana mjomba alisema "niletee" kama mtu anayesema niletee chumvi.

Samaki mkubwa si rahisi kuchukulika kama kifaranga. Nimeonja mwenyewe uchungu wake. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua perege wakubwa kumi na wawili, wazazi wazuri, kwa mfugaji mmoja wa upande wa Morogoro. Nilikuwa na haraka ya kuwahi darasa la Jumatatu. Niliwatia wote katika pipa moja, nikapanda gari mchana saa saba, jua la kichwani, na kifuniko nimekifunga sana ili maji yasimwagike. Tulipofika Mlandizi nilifunua. Wanane walikuwa wamelala ubavu, na maji yalikuwa na povu kama ya kufulia. Wawili zaidi walikufa usiku. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, nami naliungama hapa ili lisaidie wengine.

Sababu zake ni hizi. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka katika maji, na maji ya moto huishika kidogo kuliko ya baridi. Maji yenye joto la digrii 20 huweza kushika miligramu 9 hivi katika lita moja. Yakifika digrii 30 hushika 7 na nusu tu. Wakati huo huo mwili wa samaki katika joto hufanya kazi zaidi na kutaka oksijeni zaidi. Yaani mfuko unapungua na matumizi yanaongezeka. Tena samaki aliyeshiba huchafua maji njiani kwa kinyesi chake. Tena samaki mkubwa hupigapiga chombo, akajichubua magamba na kuondoa ule ute unaomlinda, na penye jeraha huota ukungu mweupe. Hufa baada ya wiki, mwenyewe amekwisha kusahau safari. Na kwa besi mambo huzidi, kwa kuwa yeye ukimnyima hewa kwa muda mfupi tu hudhoofu sana.

Kwa hiyo mwenye kuchukua samaki hai wa aina yoyote, na hasa wakubwa, awaache bila chakula siku moja au mbili kabla ya safari. Asafiri usiku au alfajiri. Atumie vyombo vingi vyenye samaki wachache, visivyofungwa hewa isipokuwa ametiliwa oksijeni katika mifuko kama wafanyavyo wauza vifaranga. Awashike kwa wavu laini au mikono iliyoloa, kamwe si kwa kitambaa kikavu. Akifika bwawani asiwamwage kama maji ya kuoshea vyombo. Akielezeshe chombo juu ya maji, awe akichota maji ya bwawa na kuyatia chomboni kidogo kidogo, kwa muda wa nusu saa, hata joto la ndani na la nje liwe sawa. Ndipo akiinamishe chombo, samaki watoke wenyewe. Haraka yangu ya kuwahi Jumatatu ilinigharimu perege kumi. Besi kumi kutoka Naivasha hata Vihingo, kwa njia za nchi mbili, ingekuwa kuchezea mali.

Wala haingekuwa mali peke yake. Kuingiza samaki hai kutoka nchi nyingine kwahitaji kibali cha serikali kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Najua wako watakaosema kwamba sheria hizo ni za watu wa mjini wasiojua njaa. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni mto Ruvu.

Mjomba alisema bwawa lake lina mlango. Lakini masika haingii mlangoni. Wazee wa Vihingo wanakumbuka mvua za mwaka 1997 na 1998, zile zilizoitwa El Niño, jinsi mabonde yalivyokuwa ziwa moja. Maji yakipanda juu ya tuta, samaki hawaulizi mpaka wa shamba. Kutoka bondeni huingia kijito, na kutoka kijito huingia Ruvu, mto unaotoka milima ya Uluguru na kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo, na ambao watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake. Ndani yake yuko perege wa asili wa pande hizi, anayepatikana Ruvu na Rufiji, ambaye babu zetu walimla kabla ya mtu yeyote kuchimba bwawa. Hata sasa ana taabu ya kutosha, kwa kuwa sato na perege wengine wageni walioletwa kwa ajili ya mabwawa wamekwisha kuingia mitoni mwa Tanzania na kuchanganya damu naye. Kumwongezea besi, mwenye kinywa kile, katika mto ule, ni tendo ambalo mjomba asingeweza kulirudisha, hata angeuza mikorosho yote.

Sote twaijua habari ya sangara. Alitiwa katika ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa miaka mingi watu hawakuona tofauti kubwa. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafula, na zile furu, visamaki vya aina mamia vilivyokuwa vikiishi mle, zikapungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Ni kweli kwamba sangara ameleta viwanda na fedha Mwanza na Musoma, na mtu asikatae faida hiyo. Lakini ile miaka ishirini ya kimya ndiyo inayonitisha mimi. Mtu aliyemtia samaki yule hakuishi katika hofu. Alidhani kwamba mambo yamekwenda vizuri.

"Sasa umeniambia la kutofanya," akasema mjomba, "na vidagaa vyangu bado viko."

Nilimwambia kwamba samaki wa kuwala watoto wa perege tayari tunaye, naye ni mwenyeji: kambale. Yeye ni wa mito yetu, hivyo masika ikimchukua inamrudisha kwao. Hategemei macho, ana masharubu manane ya kupapasia na kunusia, na huwinda usiku, hata katika maji ya kijani au ya matope. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, basi safarini hustahimili ndoo ambayo besi asingeimaliza nusu saa. Wala hategemei nyama peke yake. Hula wadudu, mchwa, pumba na makombo, hivyo vidagaa vikipungua hafi njaa. Lakini kanuni ya kinywa ni ile ile! Kambale atiwe akiwa mdogo kuliko perege anaowakuta. Ukitia kambale wa kilo mbili juu ya perege wa kidole, umemtia besi kwa jina jingine.

Dawa ya pili haina gharama ila subira: kufuga madume peke yao. Perege akifika sentimeta 10 hivi, mgeuze tumbo juu utazame nyuma ya tumbo karibu na mkia. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Mwanzoni macho hukosea. Paka wino kidogo au tope laini mahali hapo, na matundu yataonekana vizuri. Wanafunzi wangu wa chuo hukosea samaki wengi siku ya kwanza, na siku ya tatu wanashindana. Majike hawatupwi, huliwa, au hutengwa kwa mbegu. Dume hukua upesi kuliko jike, maana jike hupoteza siku nyingi akiwa na watoto kinywani bila kula.

Dawa ya tatu ni kulikausha bwawa. Watu wengi hawapendi kulikausha, wakidhani wanapoteza maji. Lakini bwawa lisilokaushwa huwa na vizazi juu ya vizazi, na kila utiacho hukutana na vidagaa vya zamani. Baada ya miezi sita au saba fungua bomba, vua wote, acha tope lipasuke kwa jua wiki mbili, ndipo uanze upya kwa hesabu unayoijua. Kwa bwawa la mjomba, perege wawili kwa kila meta ya mraba ni 600.

Basi alilikausha mwezi wa kwanza, kabla ya masika. Vidagaa vilijaza mapipa manne. Vikubwa kidogo vilikaangwa, vingine vilianikwa, na kuku wakapata sehemu yao tena. Aliinua tuta kwa kiasi cha mkono mmoja upande wa bondeni, akafunga wavu wa matundu madogo kwenye bomba. Mwezi wa sita, mvua zilipokwisha, alitia madume 600 waliochaguliwa na wajukuu wake kwa wino wa shule. Wachache walikuwa majike, kama ilivyotazamiwa. Mwezi uliofuata nilimpelekea kambale 30, wadogo kuliko perege wake, katika ndoo mbili, nikisafiri usiku. Walifika wote wazima.

Nilipokwenda tena mwezi wa kumi na mbili alikokota wavu mbele yangu. Perege wengi walipita urefu wa kiganja chake na vidole vyake vilivyonyooshwa, na vidagaa vilikuwepo, lakini vya kuhesabika. Hakutaja Naivasha. Alichonilalamikia safari hii ni kenge, aliyekuwa amefanya njia yake katika majani ya upande wa mashariki na kuja kula kila asubuhi kabla ya jua kupanda, na alitaka kujua kama redio ina mazungumzo juu ya kenge.